Mitaa Mitatu ya Mama Sweta

Mama Sweta hakwenda mjini kutafuta maisha. Maisha yake aliyaacha nyumbani yakiwa mazima: mume fundi baiskeli, karakana ya mabati yenye rimu zilizotundikwa mpaka darini, mashine ya kufuma iliyokaa dirishani, na mama mkwe aliyemwamrisha tangu asubuhi mpaka jioni kwa mapenzi tu. Kilichompeleka mjini ni masikio ya mtoto.

Binti yao alikuwa wa pekee. Walimwita Bibi Mdogo kwa sababu alifanana na bibi yake mzaa baba hadi namna ya kushika kiuno akikasirika. Alipokuwa bado anajifunza kutembea alishikwa na homa kali, na alipopona hakugeuka tena alipoitwa. Wazazi walihangaika naye huku na huko, mwisho wakakubali yaliyotokea. Wakatunga lugha yao ya nyumbani. Kuzungusha ngumi, kama mtu anayejaribu pedeli, maana yake baba. Kupeleka mkono kushoto na kulia, kama kigari cha mashine ya kufuma, maana yake mama. Maji, chakula, usingizi, usiguse, njoo. Msamiati mzima wa nyumba ulienea kwenye viganja viwili, na kwa muda mrefu ulitosha.

Shule ya mji wao mdogo ilimpokea Bibi Mdogo muhula mmoja. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu akawaita wazazi, akawaambia kwa upole kwamba mtoto hasumbui, anakaa kimya na kutazama, lakini hakuna hata mmoja pale anayejua la kufanya naye. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyewaeleza kuhusu shule ya viziwi katika jiji kubwa, mwendo wa siku nzima kwa basi. Bweni lilikuwepo kwa wakubwa tu. Wadogo walitakiwa kuja asubuhi na kurudi kwao jioni, kwa hiyo mmoja wa wazazi ilibidi ahame.

Fundi asingeweza. Mama yake alikuwa ameshaanza kulala kitandani na hakukubali kugeuzwa na mtu mwingine yeyote.

"Nenda naye wewe," Fundi akasema. "Mwaka mmoja, tuone."

Hiyo "tuone" ikaja kuzaa miaka.

Mtaa wa kwanza ulikuwa kwa shangazi yake Fundi, mjane mwenye nyumba ya zamani katika vichochoro vya katikati ya jiji. Vichochoro vyenyewe vilikuwa vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo wakikutana, lazima mmoja akubali kurudi kinyumenyume. Wanawake waliongea dirisha kwa dirisha bila kupaza sauti. Kila mtu pale alikuwa wa mtu fulani: mjukuu wa yule, mkwe wa huyu. Mama Sweta alipopita na uzi wake kwapani, aliulizwa wa nani, na jibu likawa jina lake la mwanzo mjini: yule wa kwa Shangazi.

Shangazi aliwapa chumba cha uani. Alikuwa mwanamke wa utaratibu. Ndoo zilikuwa na mahali pake, ufagio ulilazwa na haukusimamishwa, na mashine ya kufuma ilinyamaza baada ya chakula cha mchana ili yeye apate kujinyoosha. Alimpenda mtoto, ila aliamini uziwi ni suala la kukosa bidii. Alimwinamia Bibi Mdogo sikioni na kumpigia kelele hadi kuku wa jirani wakashtuka, halafu akasubiri, kisha akasema, "Ataniitikia tu siku moja."

Wiki za mwanzo za shule zilimgeuza mtoto. Siku moja alirudi, hakuvua hata viatu. Akagusa mlango, akamtazama mama yake, nyusi juu. Akagusa ndoo. Akagusa kiti, mkeka, sufuria, ukuta, kanga ya Shangazi iliyoanikwa. Alikuwa ameshagundua kwamba kila kitu duniani kina jina, naye alikuwa anayataka yote siku hiyohiyo. Mama yake hakuwa na jibu hata moja. Akaketi kizingitini, akalia, na mtoto akamfuta machozi kwa upindo wa sare huku mkono mwingine ukiendelea kuonyesha kidole kwenye mti wa kuanikia nguo.

Jumamosi iliyofuata akaenda kwenye darasa la wazazi. Vidole vyake vilikwishazoea nyuzi tangu utoto, vikashika alama upesi kuliko vya akina baba waliokuwa wakijikuna vichwa kwenye benchi la nyuma. Kabla mwaka haujaisha, yeye na binti yake walikuwa na mazungumzo kamili, yenye masimulizi, utani na ubishi.

Jioni Fundi alipofunga karakana, alipiga simu. Wakati huo watu wa kawaida walikuwa na simu za kubonyeza tu, hazikuonyesha sura. Bibi Mdogo alijua ni baba kwa namna mama yake alivyobadilika uso. Alikuja kuweka kiganja kooni kwa mama, akahisi sauti ikipita, kisha akaanza kuagiza maneno: mwambie nimepata nyota, mwambie jino limetoka, muulize bibi anakula. Mama akawa mdomo wa mmoja na mikono ya mwingine. Simu ikikatika, yeye mwenyewe alikuwa bado hajasema lake. Alibaki nalo rohoni. Akilala, alilala ukingoni mwa kitanda, kana kwamba kuna mtu wa kuachiwa nafasi, ilhali kitanda kilikuwa cha mtu mmoja na mtoto alikuwa ameshajaa katikati.

Miaka ya kwa Shangazi ilikwisha bila ugomvi. Kitinda mimba wa Shangazi alikuwa anarudi kutoka ng'ambo na mke na watoto. Shangazi hakumwambia mtu ahame. Alianza tu kuingia kile chumba cha uani na kukipima kwa macho. Mama Sweta akaelewa, akatafuta pengine.

Siku ya kuondoka majirani walitoka madirishani. Shangazi alisimama mlangoni, mashavu yamelowa, akainua mkono na kufanya alama moja: chai. Alikuwa ameiiba kimyakimya kwa kutazama. Bibi Mdogo akamsogelea, akamnyoosha kidole kimoja kilichokuwa kimepinda vibaya, akatikisa kichwa kuashiria kwamba sasa iko sawa.

Mtaa wa pili ulikuwa wa viwanda vidogo na maghala. Walipanga chumba juu ya tanuri la mikate. Wapangaji wa jengo lile walifanya kazi za zamu, wengine wakitoka wakati wengine wanaingia, na salamu yao ilikuwa mlio wa kufuli. Ukimwona mtu kwenye ngazi ukamsabahi, alikutazama kama unayetaka kumkopa. Ndipo Mama Sweta alipojua upweke wenyewe. Kwa Shangazi alikuwa akichoka kuulizwa ametoka wapi na anakwenda wapi. Huku angetoa chochote aulizwe.

Bibi Mdogo, yeye, alipapenda. Mashine ya kukandia unga ilipowashwa chini, sakafu yote ilitetemeka, naye alilala kifudifudi, shavu kwenye saruji, akicheka peke yake. Na kule chini, kwa sababu ya kelele, wafanyakazi walikuwa wameshabuni ishara zao: toa, ongeza moto, bado, umeunguza wewe. Mwokaji mkuu alikuwa pande la mtu, mweupe wa unga hadi kwenye kope. Bibi Mdogo alizishika ishara zao zote haraka, akaanza kusimama mlangoni na kumwashiria kwamba ameunguza, hata asipounguza.

Wakati mmoja Mama Sweta alishikwa na homa. Mtoto alikwenda shule na mwenzake wa basi la shule, mama akabaki amejikunja kitandani, koo kavu, akisikiliza viatu vya watu vikipanda na kushuka ngazi. Akamkumbuka mama mkwe, ambaye wakati kama huo angekuwa ameshamjia na maneno makali na uji. Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa Mwokaji, na mkate mkononi, anasitasita kuingia.

"Leo sijasikia mashine yako huko juu," akasema. "Nikajua kuna jambo."

Alimletea maji na dawa, akaondoka bila kukaa. Mama Sweta alijisikia vibaya kwa namna nyingine. Muda wote ule wameishi wakisikilizana kupitia sakafu, naye hajawahi hata kumuuliza hali ya watoto wake.

Likizo ndefu walirudi nyumbani. Fundi alikuwa akiwangoja stendi, nywele kaziweka maji, shati limepigwa pasi kwa mkono wa mwanaume. Bibi Mdogo alimrukia na kuzungusha ngumi: baba, baba, baba. Ndani ya nyumba aliziacha alama za shule kama anavyoacha viatu mlangoni, akatumia zile za zamani. Fundi alifurahi, akadhani wanaongea. Na Mama Sweta, aliyeona binti yake akimeza hadithi nzima na kutoa neno moja tu, njoo, usingizi, chakula, akageukia kufungua mizigo. Likizo zilikuwa fupi, na bibi kitandani alizidi kupungua. Nani angekuwa na moyo wa kuanzisha hilo?

Kisha shule ikahamishwa. Ilijengewa majengo mapya pembezoni mwa jiji, na Mama Sweta akahama kuifuata. Huo ukawa mtaa wa tatu.

Mara ya kwanza kuuona alitamani kugeuza gari. Nyumba nyingi zilikuwa hazijaisha, nondo zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeamka. Vumbi liliingia hadi kwenye uzi. Maji yaliletwa na lori, na likichelewa, mtaa mzima ulisimama na ndoo ukitazama barabara. Lakini wazazi wengine nao walikuwa wamehama kuifuata shule. Barabara moja nyuma ya uwanja wa mpira ilijaa watoto viziwi na wazazi wao, na baadhi ya walimu, ambao nao walikuwa viziwi. Jioni watu waliongea kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine kwa mikono, juu ya magari, juu ya vichwa vya wapita njia. Umbea ulikuwa mwingi kama mtaa mwingine wowote, ila ulikuwa umbea wa kimya, na ukitaka kuusikiliza bila kualikwa ilibidi ugeuze shingo waziwazi.

Pale ndipo alipoitwa Mama Sweta, maana sweta zote za shule zilitoka kwenye mashine yake. Alipata wenzake wa kukaa nao kibarazani. Alama zake zikawa nyepesi hadi akaanza kuota kwa mikono. Na siku moja, akitoka sokoni amechoka, alimwambia mwenzake, "Ngoja nirudi nyumbani," akasimama hapohapo na kikapu chake, amejishtukia. Alikuwa na maana ya kile chumba. Usiku ule, Fundi alipopiga simu, aliongea naye kwa upole kupita kawaida, kama aliyemkosea kitu.

Mama mkwe alifariki mwezi wa mvua. Walikwenda kuzika, wakarudi mjini kwa sababu ya mitihani ya mtoto, na baada ya muda Fundi, ambaye sasa hakuwa na mtu wa kugeuza kitandani, akasema anakuja kuwatembelea. Miaka yote ile hakuwahi kuona wanakoishi.

Alifika na begi dogo na pampu ya baiskeli, kwa mazoea tu. Bibi Mdogo alikuwa amerefuka, kimo cha bega la mama yake, na alijawa na fahari ya kumwonyesha baba yake mtaa. Akamkalisha kibarazani. Marafiki zake wakaja, wavulana kwa wasichana, wakaanza kusimulia jambo la mwalimu fulani. Mikono ikaruka, sura zikabadilika, wakaangua kicheko hadi mmoja akakaa chini. Mama wa jirani naye akacheka. Muuza maji aliyekuwa akipita, ambaye si kiziwi wala hana mtoto kiziwi, akacheka pia na kuongeza lake kwa mikono. Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akitabasamu, akingoja mtu amwambie. Alipomwita binti yake kwa ishara ya nyumbani, njoo, chakula, wale wenzake waliangalia pembeni kwa heshima, kama watu waliomwona mzee akivaa nguo kinyume.

Jioni ile hakula sana. Mkewe alipomuuliza, akasogeza sahani kando.

"Mama Bibi," akasema, "hapa mimi ndiye nisiyesikia."

Alikuwa amepanga kukaa wiki mbili. Haikuisha hata moja, akasema kuna baiskeli za watu zinamngoja. Mama Sweta alijua hakuna baiskeli, lakini hakumbana.

Stendi, begi likiwa limeshapakiwa, Bibi Mdogo akasimama mbele ya baba yake na kusema maneno mengi, kwa lugha yake yenyewe, haraka, uso umekunjamana. Fundi akamgeukia mkewe.

"Anasemaje?"

Alichosema mtoto ni hiki: mwambie abaki, mimi nitamfundisha, nimechoka kumpata baba yangu kupitia kwako. Mama Sweta aliyaona yale maneno yote, na akaona pia mume wake, macho yamemlegea, dereva akipiga honi. Alihisi kwamba akiyasema, mwanaume yule atavunjika palepale mbele ya abiria.

"Anakutakia safari njema," akasema.

Bibi Mdogo hakusikia, lakini midomo ya mama yake aliijua. Aliona imefunguka na kufungika upesi mno kwa maneno yale yote. Akamshika baba yake mkono wa shati. Akaanza upya, polepole, kwa zile alama chache za utotoni, akizipanga kama mtu anayejenga kwa matofali yasiyotosha. Baba. Usingizi. Hapa. Baba. Usingizi. Hapa. Akajipiga kifuani, akachukua vidole vya baba yake, vizito, vyeusi kwa grisi isiyotoka, akavipinda kimoja kimoja kutengeneza herufi, mpaka akamaliza kulitaja jina lake mwenyewe kwa mkono wa baba yake.

Fundi alipanda basi lile. Nyumba ilikuwa wazi, karakana imejaa vitu vya watu, mtu hawezi kuacha tu. Siku kadhaa zikapita hapigi simu. Nyumbani kwa Mama Sweta nako kulikuwa na baridi. Bibi Mdogo alikuwa akimgeuzia mgongo kila alipoanza kuongea, na hakuna kunyamazishwa kukali kama huko. Mama alimzunguka, akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwa mikono kwamba aliogopa.  Mtoto akajibu kwamba yeye anaogopa pia, ila huwa anasema.

Fundi alirudi kabla ya mvua za pili, na kisanduku cha vifaa na rimu tatu begani. Karakana alimwachia mwanafunzi wake wa zamani. Akaweka benchi kwenye ukuta wa uwanja wa mpira, na watoto wa mtaa, ambao baiskeli zao zilikuwa mbovu zote, wakawa wateja na walimu wake. Hawakumhurumia. Baiskeli ya mtu haikupokelewa kabla yule mtoto hajaeleza ubovu wake mwanzo mpaka mwisho, na Fundi hajauelezea tena bila kukosea. Vidole vilivyokaza spoku maisha yote havikupindika kirahisi. Walisema ana lafudhi. Wengine walimwiga kwa mkono mgumu kama koleo, na Bibi Mdogo ndiye aliyecheka kuliko wote, kisha akamfokea kwa nini bado anachanganya jana na kesho.

Mama Sweta akiwa kwenye mashine yake aliwaona kwa dirisha wakibishana, baba na binti, wala hakuitwa kutafsiri. Alifurahi mno. Palikuwa pia na kitu kilichomchoma kidogo, ambacho hakukitafutia jina. Akiwa hivyo, alitamani nyumbani kuliko siku zote. Zamani alipotamani nyumbani alikuwa anamtamani mtu. Sasa mtu yuko hatua kumi mbele yake, na bado alitamani dirisha lile, mwanga wa asubuhi ulivyoingia, sauti ya mama mkwe ambaye hayupo tena.

Bibi Mdogo alimaliza shule, akachukuliwa kwenye chuo cha uchoraji wa ramani za majengo, ng'ambo nyingine ya jiji. Chuo kilikuwa na bweni. Alipofunga sanduku lake, aliwaambia wazazi wake waende kwao, na aliwaambia kwa namna ya bibi yake, mkono kiunoni, hakuna mjadala.

Wakaenda. Mtaa ulitoka kuwaaga, na kwa muda mrefu basi lilipokuwa likiondoka waliweza bado kuongea kupitia kioo, jambo ambalo abiria wengine na ndugu zao hawakuliweza.

Sasa wako kwenye nyumba yao. Mashine imerudi dirishani, rimu zimerudi darini. Ule mji wao mdogo hauna mtu wa kuongea naye kwa mikono, kwa hiyo wanaongea wao kwa wao, yeye dirishani, mume karakanani, ili vidole visisahau. Majirani mwanzoni walidhani wamerogwa. Sasa wamezoea, ila wanalalamika kwamba siku hizi hawajui kama wawili hao wamegombana au la. Wakati mwingine Mama Sweta huacha kufuma, akasikiliza ule utulivu wa alasiri, na moyo unamwenda kwa mikate inayotoka moto, kwa Shangazi na ufagio wake, na zaidi ya yote kwa ile barabara ya vumbi, watu wakipokezana habari juu ya paa za magari.

Bibi Mdogo hupiga simu ya video mwisho wa wiki, mtandao ukikubali. Juzi aliwaambia amemaliza chuo, amepata kazi, amepanga chumba chake mwenyewe. Akautaja mtaa kwa vidole, herufi kwa herufi. Mama Sweta, aliyedhani jiji lile analijua, hakuwahi kuusikia.

Binti akaigeuza simu, akawazungusha chumbani: godoro sakafuni, meza ya kuchorea, taa isiyo na kifuniko, dirisha lisilo na pazia. Mama akamwomba asogee dirishani. Kulikuwa na ukuta wa njano, kamba ya nguo, na mwanamke asiyemjua akikung'uta zulia.

Fundi akaweka chini spana, akafuta mikono kwenye suruali, akamuuliza majirani wakoje.

Bibi Mdogo akaisimamisha simu mezani ili apate kutumia mikono yote miwili. Akasema hajui bado, amehamia jana tu.